Kiinua Mgongo

Helmeti nimeinunua kwanza.
Nyekundu, gulioni, elfu arobaini na tano.
Muuzaji akauliza, "Ya kijana wako, mama?"
Nikasema ndiyo, Mungu anisamehe,
nikaiviringisha kwenye leso kama mtu aliyeiba kuku.

Sasa inakaa juu ya kabati, kando ya redio iliyokufa,
inanitazama kwa jicho lake moja la kioo.
Usiku, nikishamenya karanga, jirani wakishalala,
naivaa.
Nakaa kwenye kigoda, mguu huku, mguu huku,
nashika hewa kwa mikono miwili
na kona ya Osukuru nailalia polepole
nisije nikaangusha taa.

Miaka thelathini na minne nimekuwa mkunga Mulanda.
Miaka thelathini na minne nimebebwa:
kwanza kwa baiskeli, zile za kuvusha watu Malaba,
kiti cha sponji, mwendeshaji anahema kama ng'ombe wa jembe;
halafu zikaja pikipiki, na vumbi likajifunza haraka.
Nimekaa upande, magoti pamoja, kwa heshima,
mkoba mapajani, mkasi na uzi ndani yake,
mvua ya saa tisa usiku ikinichapa shavu moja.
Mashamba ya mtama nayajua. Makaburi ya Rubongi nayajua.
Jiwe la Tororo nimelihesabu kila ufa.
Mbele tu ndiyo siijui.
Mbele yangu siku zote ilikuwa mgongo wa mtu:
mgongo wa Othieno, jasho limechora ramani;
mgongo wa yule Mteso aliyesali kwenye kila daraja;
mgongo wa Opendi wangu, kabla sukari haijamkausha,
niliouegemea nikijifanya nimesinzia.

Mwezi wa tatu pesa za kustaafu zikatoka.
Wanaziita kiinua mgongo.
Zimekuta mgongo umeshapinda,
lakini zimekuja.

"Mabati, mama," anasema Nyachwo kwenye simu, kutoka Kampala.
"Chumba cha pili kinavuja."
Kweli kinavuja. Nimetega sufuria,
na matone yakizidi kasi
nasikia injini.

Katekista anashauri ng'ombe:
ng'ombe huzaa, pikipiki hunywa tu.
Na kwenye chungu cha kongo, shemeji yangu
alichomoa mrija mdomoni ili apate kucheka vizuri:
"Miaka sitini na mitatu! Atatanua miguu barabarani mchana kweupe?"
Wakacheka wote, hata vijana.
Nusu ya vijana wale niliwapokea mimi,
nikawashika kichwa chini miguu juu,
uchi, wakipiga kelele bila aibu yoyote.
Sikusema kitu. Nilichukua ndoo yangu.

Jumapili, watu wakiwa kanisani,
Owora huniachia ya kwake kwenye uwanja wa shule.
Owora huyu, siku ya kuzaliwa alitanguliza miguu;
tulihangaika naye hadi jogoo.
"Klachi usiiachie ghafla, mama," ananiambia.
"Iachie kama unavyofunga mlango
wa chumba alimolala mtoto."
Hilo nalijua. Lakini ilizimika.
Ikazimika tena. Goti likalia, mimi nikatukana
tusi ambalo sikujua ninalo.
Mara ya nne ikaondoka,
kutoka goli la chini hadi katikati ya uwanja,
na aliyepiga kelele ni mbuzi, siyo mimi.
Mikono ilinuka petroli hadi jioni. Sikuinawa.

Hakukuwa na mgongo.
Kulikuwa na nyasi, na goli la pili,
na nyuma ya goli barabara ikiteremka
mahali ambapo, naapa, imeteremka siku zote.

"Utakwenda wapi nayo?" Nyachwo ananiuliza.
Swali zuri. Hakuna anayeumwa uchungu,
hakuna mume wa mtu anayegonga dirisha na kurunzi,
hakuna kitovu kinachonisubiri.
Nitakwenda Nagongera, ninywe chai, nirudi.
Au nisinywe.